Nyuki Mwenye Mzigo

Busia, upande wa Kenya
11 Februari 2024

Wifi yangu Norah,

Hamjambo huko Nabuyoga? Patience anaendeleaje na shule, na Phillip je, bado anakataa uji? Sisi hapa kwenu hatujambo. Nasema kwenu maana ndiko ninakolala tangu kituo cha utafiti kinilete huku: chumba chako cha usichana, kitanda chako, hata msumari uliotundikia sare ya shule bado upo ukutani. Mama yako anakusalimu sana. Mguu umepungua kuvimba, mdomo haujapungua. Jana amenigombeza kwa kuyeyusha nta kwenye sufuria yake ya ugali. Akaniambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi naingia mwaka wa tatu sijashika hata panga.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hiyo ni ya mumeo Ofwono, na ndugu yangu akishaipokea, anajibu hata maswali ambayo hakuulizwa. Paddy muuza dagaa atakufikishia hii akija soko la huko.

Lililonileta ni nyuki. Nakuomba, wifi, pita kwenye kona ya shamba, penye mivule, mara moja moja uniangalizie. Makopo ya oili chakavu miguuni mwa mizinga yasikauke, siafu wakipata njia ni kilio. Maji yawe kwenye beseni na mawe ndani, wasizame. Na ule mzinga wa mbao alioutengeneza baba, mzee wetu, kwa mikono yake kabla hajafa, huo uangalie kuliko yote. Kundi lile halijahama tangu nianze kazi hii, na nyuki wetu unawajua, ukiwakera kidogo tu wamebeba vyao wamekwenda.

Unakumbuka nilivyokuketisha pale nikakuonyesha nyuki walinzi? Bado ni swali lilelile. Namtoa nyuki mzinga huu namweka mlango wa mzinga ule. Akija mikono mitupu, wanamkamata bawa na mguu wanamtupa nje. Akija tumbo limejaa asali mbichi, wanamnusa, wanampisha. Mgeni kabisa! Lakini nikimchukua wa kwao wenyewe, nikamweka mbali siku nyingi kisha nikamrudisha, wanamrukia kama mwizi, kwa sababu harufu ya nyumbani imemtoka. Mwaka huu ndio wa kumaliza utafiti. Kona ile ikiguswa sasa, kazi yangu ya miaka saba imekwenda na maji.

Ila Ofwono ameniahidi haitaguswa. Kwa kinywa chake.

Wako,
Teopista Akello


Nabuyoga, Tororo
3 Machi 2024

Wifi Teo, mwalimu wa nyuki,

Barua yako nimeipata ikinuka dagaa, asante. Sisi tuko wazima. Patience amekuwa wa nne darasani. Phillip uji anakunywa akiahidiwa andazi, amemrithi baba yake, hafanyi jambo bure. Mvua bado. Nimepanda njugu nikimtegemea Mungu.

Mwambie mama asinywe dawa za yule jirani. Na wewe sufuria ya ugali uiache, ati una digrii ngapi na hujui sufuria ya nta na ya chakula ni vitu viwili?

Nyuki wako nimewaona. Makopo nimejaza, maji yapo. Nilikaa pale kwenye jiwe lako nikawatazama walinzi wanavyonusa nusa watu mlangoni. Nikacheka peke yangu. Mimi nilipoletwa hapa kutoka Busia nilinuswa hivyohivyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Shangazi zako walinipekua macho mpaka soksi. Kilichonipitisha ni zile mashine mbili za kushonea nilizokuja nazo. Ukoo mzima ulipata sare za shule, nikawa mtu wa nyumbani.

Sasa nikuulize kidogo. Hiyo ahadi ya kona, Ofwono alikupa lini? Ndugu yako namjua, hajawahi kutoa kitu mkono mmoja bila mwingine kupokea. Ulimpa nini?

Tena, ile Januari ulipokuja, mlikwenda Kwapa na Ofwono kuona mizinga ya watu. Nilikupigia pasi gomesi yako ya kijani, vazi lako la sherehe, asubuhi ile. Mimi ni mshonaji, nguo huwa naikumbuka. Tangu lini watu wanakwenda kuona mizinga na gomesi? Au nyuki wa Kwapa wana heshima zao?

Nakutania. Nijibu lakini.

Norah


Busia
10 Machi 2024

Wifi yangu,

Nimefurahi kusikia habari za Patience, mwambie shangazi yake anamletea kalamu. Mama yako anakula vizuri. Mangeni kaka yako alipita Jumapili na samaki, tukala mpaka mama akasahau kunigombeza.

Asante kwa nyuki. Umenipa usingizi. Sasa angalia jambo moja zaidi: wakiingia na chavua miguuni, ile ya njano, ujue malkia anataga vizuri. Wewe umeshamwona yule malkia, yule mwenye doa la bluu mgongoni. Mwendo wake haufanani na wa wengine, anatembea kama mwenye nyumba. Ukimwona bado yupo, niandikie.

Kwapa tulikwenda tu. Gomesi niliivaa kwa sababu tulipita kanisani.

Nakutumia sabuni na majani ya chai.

Teo


Nabuyoga
28 Aprili 2024

Wifi Teo,

Nimechelewa kukujibu, unisamehe, au usinisamehe. Sabuni nimepata. Mvua imekuja kwa fujo imezoa njugu zangu nusu. Phillip alipata malaria, sasa anakimbia. Nyuki wako wazima, chavua wanaleta, malkia nimemwona, bado anatembea kama mwenye nyumba. Hayo ndiyo uliyotaka kusikia, nimeanza nayo ili uyasome vizuri halafu utulie usome na yangu.

Ofwono amenunua viatu vyeusi vyenye ncha. Kila Alhamisi anakwenda Kwapa, ati kuna ng'ombe anamtafuta. Wiki ya nane sasa. Huyo ng'ombe ana nini, mabawa? Anarudi amepakwa mafuta ya nywele ya kike begani. Nikiuliza, ananiambia nyumba hii imekosa watoto wa kiume, Phillip ni mmoja tu, na mti mmoja si msitu.

Teo, naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine. Dada zangu wote wako Kenya, na hapa kila ninayemwambia ni wa upande wake. Najipa moyo kwa jambo moja. Baba yako, mzee Olweny, Mungu amrehemu, aliniambia mwenyewe mwaka nilioolewa. Akasema, mwanangu, katika boma letu mke wa pili haingii mpaka dada wa mume aende kwao amwite, atangulie mbele yake. Dada asipokwenda, hata ndugu mia wakienda, yule si mke, ni mpita njia. Alisema ndivyo wazee walivyomfunga mume mdomo.

Dada ni wewe. Hana mwingine. Basi nakuomba, akija kwako, kataa. Huhitaji kugombana naye. Mwambie tu hapana. Na kama alishakuja, niambie, nisiwe wa mwisho kujua katika nyumba ninayoifagia.

Nangoja barua yako. Nimemwambia Paddy asipite bila kusimama.

Wifi yako,
Norah


Busia
5 Mei 2024

Wifi Norah,

Pole na njugu, pole na mtoto. Mama anaendelea vyema, ila macho yanampa shida.

Nimesoma uliyoandika. Mambo ya Ofwono bora umuulize Ofwono, nikiingia kati nitaonekana mchochezi. Wanaume wakifika umri ule huchezacheza, kisha hutulia. Usijitie presha.

Nilisikia kwa Phanuel mwenye msumeno kwamba kuna watu walikuja kupima kona ya mivule kwa kamba. Ni kweli? Tafadhali niandikie upesi. Ofwono hapokei simu zangu. Tulikubaliana, Norah. Tulikubaliana waziwazi kwamba kona haiguswi, na mimi upande wangu nilitimiza. Ukiona mtu analeta panga pale, simama mbele yake. Mwambie ni mali ya utafiti. Nakutegemea wewe tu.

Teo


Nabuyoga
16 Juni 2024

Wifi,

Hatujambo. Paddy anakuletea chupa ya asali ya nyumbani. Inywe na mama kwenye chai ya asubuhi. Ni ya mzinga wa mzee.

N.


Busia
18 Juni 2024

Norah,

Sina salamu leo.

Mama yako ndiye aliyemwona kwanza. Nilimimina kijiko kikombeni mwake akasema, Teo, kuna mdudu. Nikamtoa kwa ncha ya kijiko nikamfuta asali. Ana doa la bluu.

Doa lile nililitia mimi, mzee akinishikia bomba la moshi, akisema usimwumize mama wa watu. Ilikuwa kazi ya mwisho tuliyofanya pamoja. Sasa yuko kwenye kisahani hapa mbele yangu.

Nani amefanya hivi? Na asali imekamuliwa pamoja na masega ya watoto, nimeionja, ina uchungu wa funza. Huo si urinaji, huo ni uuaji. Wengine wako wapi? Unajua kundi likifiwa na malkia linakuwaje? Mlio wao hubadilika, unausikia kabla hujafungua. Wakikosa yai changa la kulelea malkia mwingine, nyuki vibarua huanza kutaga wenyewe, na mayai ya kibarua hayatoi ila madume, wanakula tu, hawafanyi kazi, mpaka mzinga wote unakwisha. Hivyo ndivyo unavyokufa. Polepole, huku wote wakijitahidi.

Ulikuwa wapi wewe? Nilikuachia kitu kimoja tu cha kutazama. Kimoja, Norah!

Nijibu.

Teopista


Nabuyoga
30 Juni 2024

Teopista,

Mimi salamu ninazo, maana nimelelewa. Hujambo. Mama hajambo. Patience hajambo. Phillip nitakueleza.

Umeuliza nani. Ni mimi.

Usitafute mtu mwingine wa kumlaani, utajichosha. Ile mizinga mingine Ofwono aliichoma kwa tairi alipoangusha mivule, Phanuel akasimamia msumeno. Wa mzee haukuwa umefikiwa bado. Nilikwenda jioni na moshi, nikaufungua polepole kama ulivyonifundisha, nikamtafuta mwenye doa la bluu. Ulinifundisha vizuri, nilimpata upesi. Nikamtia chupani kwa vidole vyangu, nikamimina asali juu yake. Niliumwa mikono yote miwili mpaka cherehani siwezi kuzungusha wiki hii. Nilitaka umwone. Nilitaka uamke siku moja ukute kwenye chai yako kitu ambacho mtu uliyemwamini amekifanya bila kukwambia.

Sasa uelewe kona ile imekatwa kwa nini. Ofwono anajenga nyumba pale. Ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, bati la rangi nyekundu. Ni ya Amuge, wa Kwapa. Ameshaingia bomani. Ni msichana wa adabu, sina ubaya naye. Siku ya tatu alinisaidia kumenya viazi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila hila hata kidogo, "Dada Teopista nikamupenda sana. Akakuja kwetu Januari na gomesi ya kijani, akasema na baba vizuri."

Kijani, Teo. Niliipiga pasi mimi. Mshipi niliukunja mara mbili ukae sawa. Nikakufunga kiunoni, ukasema asante wifi.

Nilikuandikia nikakuuliza ulimpa nini. Nikakuuliza kuhusu gomesi nikijidai natania, ili upate mlango wa kusema. Nikakulilia wazi, nikakwambia dada ni wewe, kataa. Wewe ukaniambia nisijitie presha! Ulikuwa umeshakwenda, umeshanena, umeshakunywa soda zao. Ukaniuza kwa mivule minne na mabuu. Na mwenye kununua hakukulipa. Kona uliyoniuza kwa ajili yake ndiyo hiyohiyo amemjengea mwenzangu. Wanasema fuata nyuki ule asali. Mimi nilifuata nyuki wako nikafika kwa mke mwenza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo nilikushonea mimi.

Madume wanaokula bila kazi unaowasema, hata huku tunao, na malkia wao yuko hai. Kwa hiyo usinifundishe.

Narudi kwa mama. Ijumaa ijayo, na Patience. Phillip, Ofwono amemshika, anasema mtoto wa kiume ni wa ukoo. Wazee wameitikia. Asubuhi Amuge anamkoroga uji, nami nasimama kwenye kizingiti natazama, na mtoto ananiuliza mbona siketi. Mashine zote mbili za kushonea zimebaki pia, ati zilishakuwa za nyumba. Nilikuja nimebeba, naondoka mikono mitupu.

Chumba unacholala ni changu. Nikifika nisikukute.

Ulisema nyuki akikaa mbali siku nyingi harufu ya kwao humtoka. Nimekaa huku miaka kumi na sita. Nitajua Ijumaa kama mama atanijua.

Norah


Busia
3 Julai 2024

Norah,

Paddy anakuja kesho, hii itakufikia kabla hujafunga mizigo.

Chumba nimekitoa. Shuka nimefua, msumari wako uko palepale. Nimepata pa kulala kwa mwenzangu wa kituoni kwa siku chache. Nabuyoga nilikwenda Jumatatu nikiamini nitasimama niseme. Ofwono alinitolea kiti nje ya ua, kama mtu aliyekuja kuuza mbegu. Nilikaa. Nilisikia sauti ya Phillip ndani. Wewe ulikuwa mtoni, na nilikuwa nimeondoka uliporudi, kwa sababu niliogopa kukuona. Kazi yangu imekwisha, kituo kimesema bila yale makundi hakuna cha kuandika.

Ni kweli nilikwenda Kwapa. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia wewe una nguvu, utastahimili, na nyuki hawana wa kuwasemea. Uliipiga pasi vizuri sana ile gomesi, mama yake Amuge aliisifu. Sina la kuongeza ambalo halitakuwa tusi.

Lakini kuna jambo lazima ulijue kabla ya Ijumaa. Nimemwambia mama kwamba unarudi. Nilidhani atauliza unaumwa, au umepigwa, au unalia. Alizungusha fimbo yake mkononi, kisha akauliza, "Anarudi na nini?"

Usimchukie. Mangeni anamlisha kwa shida, na Mangeni ana mke, na mke wa Mangeni anahesabu midomo. Atakunusa, Norah. Wote watakunusa.

Asali yako nimeichuja kwa kitambaa mara mbili, uchungu umepungua. Malkia nimemtoa. Nimeijaza kwenye dumu jipya la lita tatu, nikaongeza na ile yangu ya mwaka jana niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya vipimo. Paddy atakungoja nalo upande wa Kenya, ukishapita geti la mpaka, kabla hujapanda bodaboda. Lipokee hapo. Usimpe Patience akubebee, libebe mwenyewe, mbele, lionekane.

Mama akitoka mlangoni akuone nalo mikononi.

Teopista